Ngata Haipunguzi Mzigo: Mifuko ya Upepo kwenye Lori Kuukuu

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba Tabora akilizunguka lori lake kuukuu, lile la kubebea tumbaku kutoka Urambo. Limeinama mbele, hasa upande wa dereva. Fundi kamshauri aweke mifuko ya upepo. Siyo ile inayofumuka kwenye usukani gari likigonga. Hii ni mipira minene inayokaa kati ya ekseli na chesisi, unaijaza kwa kompresa. "Wewe msomi," mjomba akaniambia, "hii inafaa au naliwa hela?"

Nianze kwa haki. Kifaa chenyewe ni kizuri. Nguvu yake ni presha mara eneo: mfuko wenye kipenyo cha sentimita 15, ukiwa na baa 3, unasukuma kwa takriban nyutoni 5,300, yaani unabeba kama kilo 540. Miwili inapita tani moja, kwa hiyo pua itanyanyuka tu. Tena ukishusha mzigo unapunguza upepo, jambo ambalo springi ya chuma haina.

Ninachokipinga ni kuuita ushauri huo tiba. Kwanza jiulize, pua imeinama kwa nini? Springi za vyuma bapa huchoka. Bapa moja likikatika, au bushi zikiisha, upande mmoja unashuka. Mfuko utanyanyua bodi, lakini bapa limebaki limekatika, umeficha dalili. Na kwenye malori haya springi hazibebi uzito tu, ndizo zinazoishika ekseli ya mbele isisogee. Mfuko hauwezi kazi hiyo. Springi ikiachia ukiwa barabarani, usukani hauna tena wa kumtii.

Pili, springi hushika chesisi kwa ncha zake mbili, mfuko unasukuma sehemu moja ndogo katikati. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, sehemu hiyo inapigwa maelfu ya mara, na chuma hupata ufa hivyohivyo.

Tatu, wapo wanaounganisha mifuko yote miwili kwa mpira mmoja wa upepo. Kwenye kona upepo unakimbia kutoka upande uliolemewa kwenda wa pili, na lori linazidi kulala. Kila mfuko uwe na njia yake.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na takriban kilo 30. Anayebeba kichwani anajua kazi ya ngata: inatandaza mgandamizo, haipunguzi hata kilo moja. Mfuko wa upepo ni hivyohivyo. Breki, matairi na ekseli ni vilevile, na mizani ya barabarani itasoma uzito uleule.

Basi tukafungua springi. Upande wa dereva bapa la pili lilikuwa limekatika, kutu imeshaingia kwenye mpasuko, maana yake si la jana. Mjomba kabadilisha pande zote mbili pamoja na bushi, na pua imepanda bila upepo wowote.

Kama springi zako ni nzima na umeongeza kitu kizito mbele, weka mifuko, mradi chesisi iimarishwe pale inapokaa. Kama hujazifungua ukaziona, usinunue kwanza.