Nukta za buluu ndani ya waya

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza betri, waya na balbu moja, kisha umuulize: mkondo wa umeme ukishapita kwenye balbu, unabaki kiasi gani? Wengi watakujibu kuwa umepungua, balbu imeula. Jibu hilo si la kijinga. Betri huisha, kwa hiyo lazima kuna kitu kinaliwa. Kinachotumika ni nishati. Mkondo unaoingia kwenye balbu ni uleule unaotoka. Waandikie hivyo ubaoni, watanakili vizuri, na siku ya mtihani utalikuta kosa lilelile limekaa palepale. Elektroni haionekani, na ubao hauwezi kumwonyesha mtu mwendo.

Tatizo hilo lilishughulikiwa na watu wa PhET, mradi wa simulesheni za kompyuta ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi ya kupoza atomi hadi karibu kabisa na sifuri halisi. Alipozunguka kuielezea kazi hiyo, aligundua kuwa kilichobaki vichwani mwa wasikilizaji mara nyingi ni zile simulesheni za kompyuta alizowaonyesha.

Simulesheni yao ya saketi ni meza tupu kwenye skrini. Unavuta betri, unavuta waya, unaunganisha balbu na swichi. Ndani ya waya zimepangwa nukta za buluu, nazo ndizo elektroni. Funga swichi uone: nukta zote, za karibu na betri na za mbali, zinaanza kutembea kwa pamoja. Hapo mwanafunzi anaacha kudhani kuwa umeme ni maji yanayotoka bombani na kuchukua muda kuifikia taa. Ukiunganisha ncha za betri kwa waya mtupu, moto unalipuka kwenye skrini. Moto huo si pambo. Ni somo la shoti bila kuunguza kifaa cha mtu.

Kuna uongo mmoja humo, na naukubali. Katika waya halisi wa shaba, elektroni hujikokota, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Waundaji wangeuheshimu mwendo huo, tungekaa tukitazama nukta zilizoganda. Wameuongeza ili uonekane, na ni kazi ya mhadhiri kusema hivyo kwa mdomo wake.

Mwaka 2005 mtafiti Noah Finkelstein na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika chuo hichohicho cha Colorado. Kundi moja lilifanya maabara ya saketi kwa vifaa halisi, jingine kwa simulesheni peke yake. Kisha wote wakapewa waya na balbu za kushika mkononi. Waliotoka kwenye kompyuta waliunganisha vizuri zaidi, na wakaeleza vizuri zaidi kwa nini taa imewaka. Mimi sishangai. Katika maabara zetu nimeona nusu ya kipindi ikiishia kwenye klipu iliyolegea, au kwenye mjadala wa kama waya mwekundu una tofauti na mweusi. Simulesheni iliviondoa vyote hivyo, ikaacha fizikia. Ustadi wenyewe uko katika kuondoa.

Kujua cha kuondoa ndiko kulikowachukua muda watu wa PhET. Walimkalisha mwanafunzi mmoja mmoja mbele ya simulesheni, wakamwomba awaze kwa sauti huku wao wakinyamaza na kutazama. Waliona kuwa ukimpa maelekezo ya hatua kwa hatua, anafuata hatua na kuishia hapo. Ukimpa swali pana, anachimba.

Ndiyo maana inaniuma kuona mhadhiri anairusha kwenye projekta, anabofya yeye mwenyewe, wanafunzi mia mbili wakitazama kama sinema. Eric Mazur na wenzake wa Harvard walishaonyesha mwaka 2004, kwa majaribio ya mbele ya darasa, kwamba wanaotazama tu huelewa kidogo zaidi kuliko tunavyodhani. Waliotabiri matokeo kwanza ndio walionufaika.

Kisingizio kwamba wanafunzi hawana bando la kubofya wenyewe hakipo. Nyingi za simulesheni hizi hupakuliwa mara moja, zikafanya kazi bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wanne kompyuta moja, kila mmoja akiwa ameandika utabiri wake kwenye karatasi. Binti aliyeandika "mkondo utapungua" hakuyaamini macho yake. Akachukua simu, akawasha saa ya kupimia muda, akahesabu nukta zinazopita kabla ya balbu kwa sekunde kumi, kisha zinazopita baada yake. Akarudia. Zikalingana.

Bila kuambiwa, akaongeza balbu ya pili kwenye waya uleule. Nukta zikapunguza mwendo waya mzima, hata zile ambazo hazijafika kwenye balbu yoyote.

"Mwalimu," akasema, "hizi za huku nyuma zimejuaje kuwa mbele kuna balbu ya pili?"

Niliyokuwa nimeyaandaa kwa siku hiyo niliyaweka kando, tukabaki na swali lake mpaka kipindi kikaisha.