Kesi ya Zombe, hatua kwa hatua

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, waliuawa kwa risasi katika msitu wa Pande, pembezoni mwa Dar es Salaam, pamoja na dereva wa teksi waliyekuwa naye. Polisi walisema ni majambazi waliokufa katika mapambano. Tume iliyoundwa na Rais Kikwete chini ya Jaji Musa Kipenka ilibaini vinginevyo, na washtakiwa 13 wakafikishwa kortini, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, Abdallah Zombe. Miaka kumi baadaye mtu mmoja tu ndiye aliyekutwa na hatia, naye si yule ambaye shauri linaitwa kwa jina lake. Wengi mitaani wakasema mahakama imejikanyaga. Sioni hivyo: kila hatua ilikuwa na swali lake, nasi tulisikia majibu yote kana kwamba swali ni moja.

Kwa kawaida kesi ya mauaji haisikilizwi na hakimu wa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ingawa huanzia hapo. Mshtakiwa hupandishwa kizimbani, husomewa shtaka, kisha huambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka. Ndugu waliojaa kwenye mabenchi hudhani kesi imeanza, kumbe inatajwa tu. Upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine, rumande tena, maana mauaji hayana dhamana. Kesi yenyewe huanza Mahakama Kuu, mshtakiwa anapoulizwa kama shtaka ni kweli au si kweli, na pande mbili zinapoainisha yale yasiyobishaniwa ili mashahidi wasiitwe bure.

Shauri hili lilisikilizwa na Jaji Salum Massati. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilipofunga ushahidi wake, watatu waliachiwa kwa kuwa hawakuwa na kesi ya kujibu, na waliobaki wakatakiwa kujitetea. Hatua hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Gazeti likiandika kwamba fulani ana kesi ya kujibu, kijiweni hukumu imeshatoka. Lakini jaji hapo hajapima nani mkweli. Anajiuliza jambo dogo zaidi: ushahidi huu ukibaki bila majibu, unaweza kumtia mtu huyu hatiani? Ukiweza, mshtakiwa anapewa nafasi ya kusema na kuita mashahidi wake.

Tarehe 17 Agosti 2009 tisa waliobaki waliachiwa huru wote. Mmoja alikuwa amefariki kesi ikiendelea. Jaji alisema wauaji halisi hawakuwa mbele yake. Askari aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa hajapatikana. Hasira ya watu naielewa, kwani hakuna aliyebisha kwamba watu wanne wameuawa. Ila Jamhuri haikutakiwa kuthibitisha mauaji tu. Ilitakiwa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka, kila mmoja wa wale tisa alifanya nini. Washtakiwa hukaa kizimba kimoja, lakini ushahidi huhesabiwa kichwa kwa kichwa.

Na huko kuachiwa nako kuna namna zake. Mkurugenzi wa Mashtaka akiieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, mshtakiwa anatoka, lakini kuachiwa huko hakumkingi asishtakiwe tena kwa kosa lilelile. Tumeshaona watu wakikamatwa tena hata kabla hawajavuka geti la mahakama. Aliyeachiwa huru kwa hukumu hashtakiwi upya. Upande wa mashtaka ukiona haukutendewa haki, njia yake ni rufaa.

Ndiyo njia iliyofuatwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliifuta rufaa hiyo kwa sababu ya kasoro katika taarifa ya kusudio la kukata rufaa, karatasi ambayo mtu wa kawaida hata hajui kama ipo. Wengi wakatangaza kwamba Zombe ameshinda. Hakuna aliyeshinda, kwa kuwa hoja hazikuguswa. Rufaa iliyofutwa inaweza kurudi ikiwa safi, mahakama ikikubali kuongeza muda, na hii ilirudi.

Hukumu ilitoka Septemba 2016. Mahakama ya Rufani, ambayo katika rufaa ya kwanza huupima upya ushahidi wenyewe, ilimtia hatiani Christopher Bageni, mmoja wa wale tisa, na kumhukumu kunyongwa hadi kufa, adhabu pekee ya mauaji kwa sheria yetu. Kwamba aliyefyatua risasi ni mwingine hakukumwokoa. Waliokwenda pamoja kwa nia moja hujibu pamoja kwa kilichotendeka, na ushahidi ulimweka Bageni msituni. Zombe hakuwa Pande. Kumtia hatiani yeye kulihitaji ushahidi kwamba aliagiza mauaji, na huo Jamhuri haikuufikisha mahakamani.