Sifa za Kicheko Chenye Gitaa

Katika sanaa zote zinazosimama juu ya sauti, hakuna inayodhulumiwa na kaseti kuliko sanaa ya mwimbaji mchekeshaji, kwa kuwa kaseti huchukua maneno yake na ala zake ikauacha nyuma uso wake, na ndani ya uso ule, katika namna mtu anavyoyazuia macho yake yasicheke kabla wasikilizaji hawajacheka, ndimo ilimofichwa nusu ya ustadi wake. Nayasema haya baada ya kuutazama kwa utulivu, na kwa furaha nisiyoweza kuificha, mkanda wa video unaokusanya maonyesho ya Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila: vipande vya majukwaa ya Ulaya vilivyoungwa pamoja na mkono usiojitaja jina, ambavyo siku hizi vinapita katika vibanda vya Birere hapa Goma, mahali ambapo vijana hujaziwa nyimbo katika memori za simu. Rangi za picha zimechujuka, na sauti hupwa na kujaa, lakini lililo muhimu limesalimika: mtu mnene mwenye rasta ndefu, gitaa kifuani, akiwaambia watu habari ya msiba huku wao wakishika mbavu.

Remmy, ambaye jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala, alizaliwa mwaka 1947 Kindu, kando ya mto Lualaba, wakati Maniema ilipohesabiwa ndani ya jimbo la Kivu, kabla ya mgawanyo wa mwaka 1988 uliozaa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema yenyewe. Kwa hiyo sisi wa Goma hatumdai kwa ubavu tunapomwita mtoto wa nyumbani. Kiswahili alichoimba nacho kilifika Maniema kwa misafara ya watu wa pwani, katika siku ambazo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na ngome yake Kasongo, na njia iliyoleta lugha ile ndiyo njia iliyopitisha pembe za ndovu na mateka, nayo ilirowa machozi mengi. Karne moja ikapita, na mwaka 1978 kijana huyu akaishika njia ile ile kwa kuirudia, akashuka hadi Dar es Salaam kwa wito wa mjomba wake, Mzee Makassy, ili apige katika Orchestra Makassy, kisha akahamia Super Matimila, bendi ambayo baada ya muda haikutajwa tena pasipo kutajwa yeye. Huko alipendwa hata kituo cha daladala cha mtaa aliokaa kikaitwa Sinza kwa Remmy, na hilo ni jina ambalo hakuna baraza la mji lililolitunga.

Walimwita Dokta, kwa ajili ya jinsi alivyozaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto waliomtangulia, na mganga akamwagiza asimzalie huyu hospitalini wala asimkate nywele. Na kwamba alipozaliwa alikuja duniani tayari ana meno mawili ya mbele. Msomaji aliyelelewa katika nchi zetu hahitaji kufafanuliwa jinsi kuzaliwa kwa namna hiyo kunavyomtenga mtoto na wenziwe, na kumtwika heshima na hofu kwa pamoja. Lakini tazama alivyoifanya habari hiyo, ambayo kwa asili yake ni habari ya makaburi mawili madogo na mama mwenye woga, kuwa kisa ambacho watu walimwomba akirudie, wakacheka kila alipofika kwenye meno. Sidhani kwamba aliyachukua maumivu yale akayafunika kwa mzaha. Naona aliyachukua jinsi yalivyo, akayapa mwendo ambao mtu mwingine anaweza kuufuata.

Na huo mwendo ndio unaoonekana katika video. Gitaa la solo, ambalo kwa miaka ile lilikuwa mikononi mwa Batii Osenga, linazunguka katika vifungu vifupi vinavyofuatana bila haraka, la rithimu linajibu, besi na tumba zinashikilia chini, na Remmy, aliyekuwa akiimba, anaacha kuimba akaanza kuzungumza. Hapo ndipo mtazamaji apaswapo kuwa makini. Hazungumzi mara moja. Anauachia mzunguko mmoja wa gitaa upite, na wa pili, akiangalia watu waziwazi kana kwamba amesahau alichotaka kusema, na wale walio mbele wanaanza kutabasamu pasipo sababu. Ndipo anapolitia neno lake, kwa sauti ya chini kuliko walivyoitarajia, katikati ya mpigo na wala si juu yake, na kabla kicheko hakijaisha amekwisha kurudi kwenye wimbo na kuwaacha nyuma. Nimewaona waimbaji wengi wa mji huu wakiukosa ufundi huo kwa sababu moja tu, kwamba wao hukingoja kicheko kiishe. Anayengoja kicheko anakiomba; na kicheko, kikisikia kinaombwa, huondoka.

Kuna jambo jingine ambalo kaseti isingelituonyesha kamwe, nalo ni nyuso za wapigaji. Hakuna hata mmoja anayecheka. Mpiga besi anatazama vidole vyake kwa taadhima, wapiga gitaa wamekunja nyuso zao katika kazi, na mpiga tumba anapeleka mkono wake pale pale ulipokuwa, ingawa wamekwisha kuusikia mzaha ule katika kila ukumbi. Hiyo ni adabu ya kazi, na ni adabu ngumu: mzaha mmoja unabebwa na watu wanane au tisa wasiocheka, na lau mmoja wao angelitabasamu kuwaonyesha watu kwamba hapa ndipo pa kuchekea, jengo lote lingeliporomoka. Nimelipenda pia jambo hili, kwamba hadhira ya Wazungu, isiyojua Kiswahili, inacheka baada ya mabega ya Remmy kutikisika, ilhali vijana wa Birere wanaoitazama hadhira hiyo kwenye kioo cha simu wanacheka kabla, pale kwenye kimya, kwa sababu wanakijua kinachokuja.

Watu waliosoma huko nje wanapenda kuliuliza swali la jinsi huzuni na kichekesho vinavyoweza kukaa katika wimbo mmoja, na kwetu sisi swali hilo lilijibiwa zamani. Wajuzi wa mila za Tanganyika wanaujua utani wa msibani: watani wa marehemu, ambao aghalabu hutoka kabila jingine, kama ilivyokuwa baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, huingia katika nyumba ya matanga wakati wafiwa wamezama katika simanzi, wakamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, wakautaja ubahili wake na madeni yake, wakalizuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote, wala hakuna anayewafukuza, kwa kuwa kila mtu anafahamu kwamba wao ndio waliopewa idhini ya kusema. Remmy aliuchukua wadhifa wa mtani akautia gitaa. Katika wimbo wake uitwao Kifo anamkabili Mauti mwenyewe kwa lawama, kama mtu anayemkabili mtu, na sioni nasaba nyingine ya ujasiri huo isipokuwa ya yule mtani anayesimama mbele ya jeneza.

Ng'ambo ya bahari, watu weusi wa Marekani waliufikia ufundi huo kwa njia yao. Muziki wao wa bluzi, ambao wageni huudhani kuwa ni kilio kitupu, ulikuwa na tawi zima la mzaha, na mwaka 1928 wanamuziki wawili, Tampa Red na Georgia Tom, walirekodi wimbo wa kuchekesha uitwao It's Tight Like That, ambao uliuzwa sana na kuwafungulia njia wengine wengi. Baadaye Louis Jordan, mpiga saksafoni mwenye macho makubwa na miguu isiyotulia, alipigwa picha za filamu fupi katika miaka ya 1940, na kwa bahati hiyo sisi tunaweza hadi leo kuujifunza uso wake. Huyo Georgia Tom ndiye Thomas A. Dorsey, ambaye mkewe alifariki katika uzazi mwaka 1932 na mtoto akamfuata, na katika majonzi yale akautunga wimbo wa dini Take My Hand, Precious Lord, akawa ndiye anayeheshimiwa kuwa baba wa muziki wa injili wa Wamarekani weusi. Nitarudi kwake.

Mtihani mkubwa wa Remmy ulikuwa Mambo kwa Soksi. Ulikuwa wakati ambapo ukimwi uliua katika kila mtaa na hakuna aliyeutaja ugonjwa ule ila kwa kunong'ona, na Remmy, karibu na mwaka 1990, akawaambia watu wavae kinga, akiipa kinga hiyo jina la kitu ambacho kila mwanamume hukivaa mguuni asubuhi. Redio Tanzania haikuupiga. Wimbo ukaenda kwa miguu yake wenyewe, katika kumbi na katika kaseti za kunakiliwa, na watu waliokuwa hawawezi kulitamka jambo lile mbele ya wakwe zao wakapata namna ya kulitamka. Franco, jabali la muziki wetu, alikuwa amekwisha kulikabili jambo hilo mwaka 1987 kwa Attention na Sida, na yeye, aliyekuwa bingwa wa kejeli na maigizo, katika wimbo huo aliiweka kejeli kando akasimama kama mhubiri na kuonya kwa sauti nzito. Nawaheshimu wote wawili, na sina shaka na moyo wa Franco. Lakini nikiulizwa ni wimbo upi uliofika pale ulipotakiwa, nitasema ni ule wa soksi, kwa maana onyo humfanya mtu ajitazame, na anayejitazama huona haya akanyamaza, bali aliyecheka pamoja na wenziwe hawezi tena kujifanya kwamba hakusikia.

Kwa kumtaja Franco namkumbuka na mwimbaji mwenzake Madilu System, na Mamou yao ya mwaka 1984, ambamo wanaume wawili wanauigiza ugomvi wa wanawake waliokuwa marafiki kwa ukweli ambao wanawake wenyewe waliukiri. Franco alikuwa na bahati ambayo Remmy hakuipata: Zaire ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1966, na bendi yake ya OK Jazz ilipigwa picha studio, ilhali Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zile kumbi za Dar es Salaam ambamo Super Matimila ilijifunza kazi yake, usiku hadi usiku, mbele ya watu walioijua kila silabi, zilipita wakati ambapo hapakuwa na kamera ya kuzingoja. Kilichobaki ni safari za ng'ambo, tangu alipochukuliwa na tamasha la WOMAD mwaka 1988 na kufuatiwa na sahani mbili za kampuni ya Real World, Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992. Nashukuru kwa hizo, na bado nasikitika, kwa sababu tunamwona mtani akiwatania wageni, na mtani huwa mkali zaidi nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Goma, na kwa nini leo. Mji huu uliomezwa sehemu yake na volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, ukatishwa tena Mei 2021, na ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, hauna haja ya kufundishwa kulia. Una waimbaji hodari wa maombolezo na wa amani, na mwaka 2014 ulipata tamasha lake la Amani ambalo liliwapa jukwaa kubwa. Ninachokitafuta kwa vijana wetu, na nakitafuta kwa sababu nawapenda, ni yule mwenye idhini ya mtani: atakayeimba foleni ya maji, benki zilizofungwa na mtu anayesafirisha kitanda chake juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka kwenye msiba mmoja kwenda kwenye mwingine, akatufanya tucheke bila kutudharau. Hana haja ya ala nyingi. Ana haja ya kuutazama mkanda huu mara nyingi, na kumtazama mpiga besi zaidi ya mwimbaji.

Limebaki jambo la Remmy wa mwisho. Baada ya kupatwa na ugonjwa wa kiharusi aliuacha muziki wa dansi, akazikata zile nywele ambazo mganga wa Kindu alikuwa amekataza zisikatwe, akaimba nyimbo za injili mpaka alipofariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Wengi wanakihesabu kipindi hicho kuwa ni kuikana kazi yake, na muuzaji mmoja wa Birere amekwisha kukiondoa katika nakala anazowauzia watu, kwa hoja kwamba hakichekeshi na kinajaza nafasi bure. Mimi nakisikiliza nikimkumbuka Dorsey, na ninachokisikia ni kituo kile kile: gitaa linazunguka mara moja, mara mbili, mtu ananyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha analitaja jina la Mungu kwa sauti ya chini kuliko ulivyoitarajia. Nimemwomba yule muuzaji akirudishe, nami nitalipia nafasi.