Kuisoma Kuvumwani

Kwenye miteremko ya Nyandarua, shina moja la mti laweza kubeba aina nyingi za kuvumwani za majani, na ukiwa mbali zote ni madoa ya kijivu tu. Mwalimu ninayefuatana naye hagusi kitu kwanza. Anautazama mti: gome lake likoje, jua linaupiga upande gani. Ndipo anapiga goti, anaiweka lenzi karibu kabisa na jicho, kisha anasogeza uso hadi kwenye gome.

Majani mapana ya kijivu, vinyweleo vyeusi ukingoni: ni jenasi ya Parmotrema. Wengi wangeridhika hapo. Yeye anaendelea. Pembezoni pana unga mweupe, na kila chembe yake imebeba kuvu pamoja na mwani, tayari kuanza maisha kwingine. Vingekuwa vijiti vidogo badala ya unga, angefikiria spishi nyingine ya jenasi hiyo. Anasogeza kichwa ili mwanga uingie kwa mshazari, na sasa nami naona: uso wote una mistari myeupe iliyofungamana kama wavu wa mvuvi, na juu ya mistari hiyo pamefanya nyufa nyembamba mno. Anainua ukingo kwa ncha ya kisu. Chini ni peusi, na nyuzi za kujishikiza zinakaribia ukingo wenyewe.

Bado hataji jina. Anakwangua ngozi ya juu, milimita moja hivi, mpaka nyama nyeupe ijitokeze, na hapo anagusisha tone dogo la potasiamu haidroksaidi, dawa ambayo William Nylander aliitambulisha kwa kazi hii mwaka 1866. Pakawa njano.

“Ngoja kwanza, mwanangu.”

Njano inakolea, inaelekea chungwa, halafu inakuwa nyekundu ya damu. Asidi ya salazini imo. Mkwaruzo wa pili anautia jiki, haubadiliki. Parmotrema austrosinense, nayo ya unga ukingoni, ingegeuka nyekundu hapo hapo.

“Parmotrema reticulatum,” anasema, na kwangu utulivu wa sauti ile ndio ustadi wenyewe. Anabandua kipande kimoja pamoja na gome lake, anakitia kwenye bahasha ya karatasi, maana kwenye plastiki kingeota ukungu. Juu yake anaandika kwa penseli mahali, mwinuko, aina ya mti, tarehe. Jioni atakilinganisha na kitabu cha Swinscow na Krog cha 1988 kuhusu kuvumwani za Afrika Mashariki.