Nani Anasema Ndani ya Dondoo? Habari za Wakilindi katika Makala Zetu

Wengi wetu tunalichukulia dondoo kama sharti la idara tu. Unaweka alama za kunukuu, unaandika jina, mwaka na ukurasa, basi, umemaliza. Katika makala haya nadai kwamba uhakiki unaanzia hapo hapo. Nitatumia kitabu kimoja, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kwa sababu kinahusu kwetu Usambara, na kwa sababu sijaona kitabu kinachodondolewa ovyo kama hiki.

Abdallah alikuwa mtu wa pwani aliyemtumikia Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, kule Mazinde. Aliandika kwa Kiswahili. Wamisionari wa UMCA walikichapa kitabu chake kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilikitoa tena kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen, na mwaka 1963 ikafuata tafsiri ya Kiingereza, The Kilindi. Kwa hiyo anayesema "nimedondoa Habari za Wakilindi" hajasema kitu bado. Ipi?

Tuanze na jina. Nimesoma makala kadhaa za wenzetu zinazosema "Allen (1962) anaeleza kwamba Mbega alikuwa mwindaji." Allen hakueleza, Allen alihariri! Jasho lake la uhariri litajwe, tena kwa heshima, lakini mwenye maneno ni Abdallah. Wengine, kwa kufuata kanuni ya jina la mwisho, wanaandika "Hemedi (1962)." Hapo ndipo kichekesho kinapokamilika, maana Hemedi ni baba. Kanuni hii ilitungwa na watu wenye majina ya ukoo, nasi tunaivaa kama kanzu ya kuazima. Haji hakutunga shairi hata moja tunalolijua, aliyetunga ni mwanawe Muyaka. Hata Shaaban Robert, huyo Robert ni jina la mzazi wake, ila jina lake limezoeleka mno vinywani hata hakuna anayethubutu kumkata nusu.

La pili ni zito zaidi. Nakala ya Kiswahili ni adimu, ile ya Kiingereza mara nyingine hupatikana upesi. Mwanafunzi anaichukua tafsiri, anairudisha mwenyewe kwenye Kiswahili, halafu, la kushangaza, anazungushia alama za kunukuu kana kwamba Abdallah ndiye aliyeandika vile. Huo si udondoaji, ni utungaji. Chukua neno moja tu, nyika. Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom (1974), ameonyesha jinsi Wasambaa walivyoigawa dunia yao: juu kuna Shambaai, penye mvua na migomba, na chini kuna nyika. Neno hilo limebeba njaa, homa, uwindaji na ugeni, na Mbega mwenyewe anaingia mlimani akiwa mwindaji kutoka huko. Sasa livushe neno hilo kwenda Kiingereza, kisha lirudishwe na mtu asiyelijua. Laweza kurudi likiwa "tambarare", "mbuga", hata "jangwa".

Nasema hivi kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi ni wa Mnazi, na Mnazi iko chini, kaskazini ya milima, kuelekea bonde la Umba. Sisi ndio nyika yenyewe. Nilipokuwa nyumbani likizo nilimsomea mzee mmoja makala ya mwanafunzi mwenzetu, jina naliacha, yenye dondoo la namna hiyo linalowaita watu wa bondeni "wakazi wa jangwa". Mzee hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hayo kayasema nani?" Nikamjibu kwamba ni ya Abdallah, ndivyo kitabu kinavyosema. "Kitabu kipi? Umekiona kwa macho yako?" Nikaona kwamba mzee asiyejua kanuni hata moja ya marejeo anauliza maswali yote mawili ambayo mwandishi wa makala aliyakwepa.

Kuna wa tatu bado ndani ya lile dondoo. Abdallah anapenda kuwapa wahusika wake maneno, wanajibizana kama watu walio jukwaani. Mbega ni mtu wa karne ya 18 na Abdallah hakumwona. Kwa hiyo anayeandika "Mbega alisema", kisha akaweka maneno na ukurasa, akayatumia kama ushahidi wa historia, amedanganywa na alama za kunukuu. Yale ni maneno ya msimulizi. Kwa mhakiki wa fasihi hiyo si hasara hata kidogo, bali ndiyo mali yenyewe: kwa nini Abdallah alimpa Mbega usemi huu na si ule? Ila swali hilo haliulizwi na mtu anayedhani anamsikia Mbega. Kadhalika kwa Krapf, aliyefika Vugha mwaka 1848 na tena 1852: Kimweri anayezungumza katika kitabu cha Krapf amepita kwenye lugha zaidi ya moja kabla ya kutufikia, na mwenye dondoo aseme hivyo.

Najua nitaulizwa: aliyekosa nakala ya Kiswahili afanye nini, aache kuandika? La hasha. Adondoe The Kilindi na aseme ni The Kilindi, tafsiri ya Kiswahili ikiwa yake aandike "tafsiri yangu", na alama za kunukuu azikalie mbali. Na wahadhiri wetu wanaotoa alama kwa wingi wa madondoo, nao waanze kuuliza kitabu kilishikwa au kilisikika.

Kwenye orodha ya marejeo mimi nitamweka kwenye A, kwa jina lake, Abdallah bin Hemedi, mhariri Allen, akifuatiwa na Abdilatif Abdalla, ambaye naye hilo la pili ni la babake.