Mchuzi Usio na Vipimo

Kitabu cha mapishi cha Warumi kinachoitwa kwa jina la Apicius hakimfundishi mtu kupika. Kinazungumza na anayejua. Tazama mchuzi wake wa mbuzi au kondoo: nyama tia chunguni, katakata vitunguu na kotmiri, twanga pilipili manga, ligustiko na bizari nyembamba, tia garumu, mafuta na divai, pika, pakua, ongeza wanga uwe mzito. Basi. Hakuna kijiko, hakuna dakika. Aliyeandika aliuamini mkono wa mpishi, na sisi leo tunadai gramu kana kwamba hatuna ulimi.

Nina rafiki aupikaye nyumbani kwake, na kumtazama ni darasa. Huanza na pilipili manga peke yake kinuni, kiganja kimefunika mdomo wa kinu, maana punje zake hukimbia. Bizari hufuata, ameikaanga kavu mpaka ikanukia. Majani ya ligustiko huja mwisho, yakaloweshwa kwa garumu, yale maji ya samaki waliolazwa na chumvi juani mpaka wakayeyuka. Chumvi nyingine haitii. Anatia matone, anaonja, ananyamaza, anaongeza tone. Ile harufu iliyokuwa kali chupani huzama ndani ya nyama, pakabaki utamu mzito ambao mgeni hajui umetoka wapi.

Pilipili hiyo Warumi waliipata Malabar, kwa pepo za msimu zilezile zilizoendesha majahazi yetu. Lakini kiungo walichokitukuza kuliko vyote, silfio ya Kirene, katika Libya ya leo, hakipo tena. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba waliokodi malisho waliona faida zaidi kuilishia mifugo, na kwamba katika siku zake ulionekana mche mmoja tu, ukapelekewa Kaisari Nero. Wapishi wakashika mvuje badala yake, huu huu wa kwetu pwani, ambao wengi sasa wanaujua kwa kufukuzia mashetani kuliko kwa mchuzi.

Nasi tunapoteza vyetu kwa uzembe uleule. Kinu kimegeuzwa pambo la sebuleni, ladha tunaiachia vidonge vya supu.

Msomaji, ukiupika mchuzi huu, achana na unga wa pakiti. Nunua bizari nzima, ikaange, itwange mwenyewe, na uonje kabla ya kuongeza chochote.