Kufuta Maelezo, Kuiacha Sauti

Faili la MP3 hubeba zaidi ya sauti. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni namna ya kubandika baiti 128 mwishoni mwake: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, maoni na aina ya muziki. Baadaye likaja toleo la ID3v2, ambalo kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa faili na kupokea hata picha ya jalada. Rekodi za simu nazo huweza kubeba tarehe, saa, hata mahali ziliporekodiwa. Mwandishi wa habari aliyekabidhiwa ushuhuda na mtu mwenye hofu ana wajibu wa kuyafuta hayo kabla faili halijatoka mkononi mwake.

Ninachokistahi katika kazi hii ni wepesi wa mkono. Mwenye haraka huifungua sauti kwenye programu ya kuhariri na kuihifadhi upya, na MP3 ikibanwa mara ya pili hupoteza ubora. Fundi hutumia ffmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na kuandika mstari mmoja:

ffmpeg -i ushuhuda.mp3 -map 0:a -map_metadata -1 -map_chapters -1 -c copy safi.mp3

Hakuna neno la ziada hapo. 0:a huchukua sauti peke yake, picha ya jalada ikaachwa. -map_metadata -1 huzuia maelezo ya zamani yasirithiwe. Sura za kipindi hupita njia nyingine, ndiyo maana zina kizuizi chao. Kisha -c copy huhamisha vipande vya sauti vilivyobanwa bila kuvifungua, kama mpishi atoaye miiba ya samaki na minofu ikabaki nzima.

Fundi hamwamini hata msaidizi wake. Anajua ffmpeg ina desturi ya kuandika jina lake kwenye faili jipya, kwa hiyo hulikagua faili hilo kwa ffprobe, programu mwenza wa ffmpeg. Halafu hulinganisha sauti zenyewe, ya zamani na mpya, kwa kuendesha amri hii kwa kila faili:

ffmpeg -i safi.mp3 -map 0:a -c copy -f md5 -

Mafaili mawili yakitoa alama ileile ya MD5, sauti haikuguswa. Kwa faili la aina ya FLAC ushahidi umo ndani: metaflac --remove-all hufuta maelezo yote isipokuwa STREAMINFO, sehemu inayotunza MD5 ya sauti halisi, na flac -t huihakiki.

Ufundi huu unajua pia mpaka wake. Hakuna amri kati ya hizi iwezayo kuficha lafudhi ya msemaji, adhana iliyosikika nyuma yake, au jina alilolitaja. Hapo inabidi kusikiliza rekodi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuamua kwa sikio. Ndiyo maana naiheshimu kazi hii: inadai uhakika kwa kila kinachopimika, na uangalifu wa binadamu kwa kisichopimika.